Imeishia Segera au Chalinze? Maneno ya fundi mbele ya walimu kuhusu laptopu isiyowaka

Kwa wakubwa zangu, shikamooni. Kwa rika langu, habari za mchana. Na nyinyi vijana wa mazoezi ya kufundisha mliokaa dirishani, nimewasikia, marahaba.

Mwalimu wa taaluma aliponipigia simu wiki iliyopita aliniambia, "Dada fundi, wiki hii zimekufa tatu, na mock ndiyo hii imefika." Nikamuuliza, zimekufaje? Akajibu, "Haziwaki tu." Nilicheka, na si kwa dharau. Neno hilo ndilo linalonifungulia kibanda pale Ngamiani asubuhi, na ndilo linalokifunga jioni. Mtu anaingia, anaitua mashine mezani, anasema haiwaki, kisha ananitazama. Kama mgonjwa aliyemwambia daktari "naumwa" akanyamaza.

Haiwaki vipi, mwalimu? Ukibonyeza hakuna hata taa? Taa ipo, feni inavuma, ila kioo ni cheusi? Inaleta nembo ya kampuni halafu inaandika maneno meupe kwenye weusi? Au inafika mpaka kwenye Windows, inazungusha vile vidoti vyake, wewe unakwenda kuswali Adhuhuri unarudi bado inazungusha? Mashine zote hizo nne wenyewe watasema haziwaki, na hakuna mbili zinazotibiwa kwa dawa moja.

Sisi watu wa Tanga mfano wetu upo karibu. Umempandisha mgeni wako basi la Dar alfajiri, saa tisa mchana wanakupigia kutoka Mbezi kwamba hajafika. Utauliza nini? Limeishia wapi. Maana basi likizima Segera, hakuna faida ya kumtuma fundi Chalinze. Laptopu nayo, tangu ubonyeze kile kitufe, iko safarini. Muheza inapokea umeme. Segera inajikagua yenyewe: prosesa, ule ubongo wake, ipo; ramu, kumbukumbu yake ya muda, ipo; kioo kipo. Chalinze inaitafuta diski, ghala la vitu vyako, na kuuliza mfumo, yaani Windows, umewekwa wapi. Kibaha inaupakia huo mfumo. Ukishaona picha yako ya ukutani na saa pale kona ya chini, imeingia Mbezi, shusheni mizigo. Nilichojia leo ni hicho tu: ujue imeishia kituo gani kabla hujagusa kitu, na hasa kabla hujakubali mtu yeyote akupigie Windows, yaani aifute na kuiweka upya.

Hapa mezani nina moja ya zile tatu. Mwenyewe ni madam yule mwenye kitenge cha kijani, ameniruhusu niifungue mbele yenu. Nimeipokea getini, sijaigusa. Kwa hiyo nikiaibika, tunaaibika wote.

Tuanze Muheza.

Nyingi ya zile ninazoambiwa zimekufa kabisa, kosa haliko ndani ya mashine. Tazameni chaja hii. Kuna waya wa ukutani, kuna hili tofali jeusi, na kuna waya mwembamba unaokwenda kwenye mashine. Waya wa ukutani unaingia kwenye tofali kwa tundu tatu zilizokaa kama mafiga. Hapo ndipo panapolegea. Mtu anabeba chaja kwenye mkoba pamoja na madaftari ya wanafunzi arobaini, waya unachomoka robo sentimita, jicho halioni, na mashine imekosa umeme. Sukuma kwa nguvu mpaka mwisho. Kisha ihame ile ekstensheni ya ofisi ya walimu, ambayo mimi nimeiona nilipoingia na nimeiogopa, uchomeke kwenye soketi ya ukutani ambayo umeijaribu kwa kitu kingine.

Kisha soma kibandiko cha tofali. Upande wa kuingia utakuta volti 100 mpaka 240, na ukutani kwetu ni 230, hapo hakuna tatizo. Upande wa kutoka ndio wa kuangalia: mara nyingi utakuta 19, au 19.5, au 20. Volti zilingane na zilizoandikwa chini ya mashine yako. Ampea zilingane au zizidi, zisipungue. Chaja kuingia kwenye tundu si dalili kwamba ni yake. Siku hizi mashine mpya zinatumia tundu la Type-C kama simu, basi mtu anachomeka chaja ya simu ya wati 10 au 18 kwenye laptopu inayotaka 45 au 65, anashangaa imekaa kimya. Haijafa, ina njaa. Umemletea mtu mzima kijiko cha uji.

Anayetaka kupima kabisa anunue mita. Ya kawaida haizidi bei ya kuku wa kienyeji. Unaiweka kwenye volti za DC, ncha nyekundu ndani ya kichwa cha chaja, nyeusi kwenye bati la nje, unasoma. Ikisoma sifuri, umemaliza kazi na hujagusa skrubu. Kwa hizi za kichwa cha duara, namaanisha. Ya Type-C haipimwi hivyo, haitoi volti zake kamili mpaka izungumze na mashine kwanza.

Sasa chaja ni nzima na mashine bado imenyamaza. Hapa kuna dawa ambayo watu wanaona kama ya kiganga. Chomoa chaja. Kama betri inatoka, itoe. Chomoa na kila kitu kingine, flashi, kipanya, kila kitu. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia, ukibane, uhesabu mpaka 30 bila kuachia. Kuna vijana wanabana sekunde tano wanasema wamebana. Hesabu. Kisha rudisha chaja peke yake, betri isubiri, jaribu kuwasha. Ndani ya laptopu kuna kidude kidogo kinachosimamia umeme saa zote, hata mashine ikiwa imezimwa. Kikiganda, hupati taa wala sauti, na kinachokifufua ni kukinyima umeme mpaka ule uliobaki kwenye saketi uishe. Zile ambazo betri imefungiwa ndani, baadhi, ThinkPad kwa mfano, zina kitundu chini ukubwa wa pini kwa kazi hiyohiyo. Nimeshawahi kumrudishia mtu mashine yake akiwa bado anatafuta mahali pa kukaa, na akagoma kulipa kwa sababu "hujafanya kitu". Alikuwa na haki, nadhani. Nilimlipisha soda.

Kabla hatujaondoka Muheza, mambo mawili ya kwetu. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Usisubiri urudi. Ukirudi mara nyingi unarudi kwa kishindo, na wa kwanza kupigwa ni tofali, wa pili ni sehemu ya madabodi, ule ubao mkuu wa saketi, inayopokea umeme, na huyo wa pili ana gharama. Laptopu ina betri yake, acha ifanye kazi iliyonunuliwa nayo. La pili ni mandazi. Mwezi uliopita nilifungua kibodi nikakuta sisimizi wamehamia na mayai yao, wametulia kama wana hati ya kiwanja. Hawakufuata teknolojia, walifuata makombo.

Haya, ya madam. Nachomeka. Taa ya pembeni imewaka. Muheza tumepita. Nabonyeza. Mwalimu wa fizikia umesikia feni? Amesikia. Kioo?

Cheusi.

Hapa wengi wanasema kioo kimekufa, na fundi asiye mwaminifu atakuuzia kioo. Subirini. Naomba mtu anizimie taa za ukumbi, na naomba simu yenye tochi. Namulika kioo kwa ubavu, hivi, karibu kabisa. Ningeona kivuli cha maandishi, hata hafifu kama mwezi wa mchana, ningejua mashine imefika salama, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo imezima. Mashine ya namna hiyo unaichomeka kwenye projekta ya shule au televisheni kwa waya wa HDMI na unachukua alama zako zote. Hapa sioni kitu.

Cha pili ni hiki, na hiki kiandikeni. Kitufe cha Caps Lock. Kina kitaa chake. Nabonyeza: hakiwaki. Nabonyeza tena: hakiwaki. Mashine ambayo imeshaamka lakini imekosa kioo, hicho kitaa kingewaka na kuzima kila nikibonyeza. Hii hainisikii. Haijamaliza kujikagua. Tuko Segera.

Mashine nyingine zikikwama hapa zinasema. Zinalia, au zinapepesa taa, na lile pepesa si kuchanganyikiwa, ni hesabu. Kwenye Dell nyingi, taa ya umeme ikipepesa rangi ya chungwa mara mbili kisha nyeupe mara tatu, inasema haijaona ramu. Tatu za chungwa na moja nyeupe ni betri ndogo ya saa. HP zinapepesa kwa mtindo wao, na zile za zamani zinalia. Kazi yako ni kuhesabu na kuandika kwenye karatasi, hata kurekodi video. Ukiniletea mashine pamoja na hiyo karatasi umenipunguzia saa nzima, na nikikutoza sawa na asiyeleta karatasi, nikumbushe. Hii ya madam imenuna tu, haisemi. Basi tunaanza na anayeshukiwa siku zote Segera, naye ni ramu.

Nachomoa chaja. Natoa betri, hii ni ya zamani kidogo, bahati nzuri betri inatoka. Nagusa chuma cha dirisha nimwage umeme wa mwilini, maana ramu ni kitu chenye roho nyepesi. Chini hapa kuna kifuniko chake, skrubu mbili. Hii hapa. Kipande cha ukubwa wa pipi ya kijiti bila kijiti. Ina nafasi mbili, moja imejaa, moja tupu. Nasukuma vibanio viwili pembeni, inanyanyuka yenyewe kama mtu aliyeitwa jina. Waliokaa mbele mnaona hii safu ya meno ya dhahabu? Yamefifia. Ndiyo Tanga yetu hiyo, ina upepo wake mtamu na chumvi yake ndani yake.

Naomba ufutio. Ndiyo, ufutio wa penseli, mko walimu hapa hamkosi. Asante, mwanangu. Nafuta taratibu, upande mmoja, kwa mwelekeo mmoja, kutoka ndani kwenda nje. Nageuza. Upande wa pili. Makombo ya ufutio nayapangusa kwa brashi kavu, sipulizi kwa mdomo kwa sababu mdomo una mate. Kibandani ningemalizia na spiriti safi. Sasa narudisha: inaingia imeinama, kisha naisukuma chini mpaka vibanio vilie vyote viwili. Kimoja kikilia peke yake, hujaweka.

Chaja tu, betri pembeni. Nawasha. Hapa musinihimize. Ramu ikitolewa na kurudishwa, baadhi ya mashine zinaijaribu upya kimya kimya, kioo cheusi, hata dakika nzima na zaidi, na wapo watu waliozima wakati mashine ilikuwa inakaribia kuamka.

Tukisubiri, nitawaambia kosa langu.

Nilikuwa nimeanza kazi, mwaka wa kwanza, nina kiburi na bisibisi mpya. Akaja katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, mzee mstaarabu, kofia na kanzu. Laptopu yake inaleta nembo kisha inaandika kwa Kiingereza kwamba haijapata kifaa cha kuanzia. Nikamwambia, mzee, Windows imekufa, nitakupigia mpya, njoo alasiri. Hata sikumuuliza kuna nini ndani. Nikachomeka flashi yangu, nikafuta diski nzima, nikapiga Windows. Ikawaka vizuri sana. Nilipokuwa naifuta vumbi ili nimkabidhi, kidole kikagusa kitu pembeni. Flashi ndogo, ya ukubwa wa ukucha, imezama kwenye tundu la USB mpaka haionekani. Ilikuwa humo tangu asubuhi. Mashine ilipangwa ianze kutafuta mfumo kwenye USB kabla ya diski, ikaikuta ile flashi, ikaiuliza, haikujibiwa, ikasimama hapohapo. Windows ya mzee haikuwa na ugonjwa wowote. Dawa ilikuwa kuchomoa.

Ndani yake kulikuwa na daftari la hisa na mikopo ya kikundi chote.

Ilikuwa diski ya kuzunguka, ya zamani, kwa hiyo kwa programu ya kufufua nilirudisha sehemu. Lakini majina ya mafaili yalikuwa yamepotea, yakarudi yakiwa namba tupu, maelfu. Mzee alikuja kibandani wiki mbili, kila siku baada ya Alasiri, akikaa kwenye kigoda changu akifungua moja moja. "Hii ni picha ya mjukuu. Hii si yenyewe. Hii si yenyewe." Hakunipandishia sauti hata siku moja, na afadhali angepandisha. Ingekuwa ni SSD, diski isiyozunguka, kama hizi za leo, hata hicho kidogo nisingekipata, maana SSD ikiambiwa vitu vimefutwa, inavisafisha yenyewe kabisa.

Kwa hiyo nikiwaambia msikubali kupigiwa Windows haraka, ni mpigaji anayesema.

Bado cheusi. Imetosha sasa, hii haiji. Nazima. Ramu tumeisafisha, mashine bado. Kijana mmoja angesema hapa madabodi imekwisha. Lakini kuna nafasi ya pili, ile tupu. Nachomoa chaja, nahamisha ramu, nairudisha kule. Imelia, mara mbili. Chaja. Nabonyeza. Tusubiri tena, tukiendelea na Chalinze.

Ukikwama Chalinze, yaani umepata nembo kisha maneno ya kukosa diski, kitu cha kwanza mnakijua sasa kwa gharama ya yule mzee: chomoa kila kilichochomekwa. Ukiwasha tena na bado, ingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaoupata kwa kubonyeza F2, au F10, au kitufe kingine kulingana na kampuni, mara tu unapowasha. Usibadilishe kitu. Soma tu. Jina la diski lipo? Kama lipo, kuna matumaini makubwa, vitu vyako vimo, kilichoharibika ni njia ya kuvifikia. Kama halipo, diski imelegea au imekufa. Ikiwa ni ya kuzunguka na unasikia inagonga tik, tik, tik, zima na usiwashe tena hata kwa kujaribu, kila mzunguko unakula ulichobakiza.

Na tarehe. Angalia tarehe humo kwenye bayosi. Ukikuta mashine inaamini kwamba tuko miaka kumi nyuma, ile betri ndogo ya saa imekwisha. Ni kidonge cha bati, mara nyingi CR2032 ya volti 3, kinachohifadhi saa na mipangilio. Mipangilio ikifutika, mashine inaweza kusahau mfumo ulikuwa unaanzaje, ikakwambia diski haina kitu huku imejaa. Kidonge hicho ni bei ya chapati na chai.

Fundi anayejua kazi ataitoa diski yako, ataiweka kwenye kasha la USB, ataichomeka kwenye mashine nyingine na kunakili vitu vyako kwanza. Au ataiwasha mashine yako kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao unafanya kazi bila kugusa diski, na kuvitoa. Baada ya hapo apige anachotaka kupiga. Muulize swali moja tu: "Vitu vyangu umeviweka wapi kabla hujaanza?" Akikwama kujibu, chukua mashine yako.

Kuna jambo limeingia miaka hii na linatuumiza sana. Windows nyingi mpya zinaifunga diski kwa kufuli linaloitwa BitLocker, na mwenyewe hata hajui. Siku fundi akibadilisha kitu kwenye bayosi au akabadilisha madabodi, mashine inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku mashine inaanzishwa. Sasa nawauliza, siku mmenunua laptopu dukani, nani aliwafungulia hiyo akaunti? Mmekaa kimya. Aliifungua kijana wa duka, kwa barua pepe aliyoitunga palepale, na nywila aliyoisahau kabla hamjafika stendi. Ufunguo wa alama za kidato cha nne uko kwake na yeye hajui. Leo jioni kila mmoja aangalie akaunti iliyomo kwenye mashine yake ni ya nani. Kama si yako, ibadilishe wakati mashine bado inawaka, na huo ufunguo uchapwe kwenye karatasi, ukae mbali na laptopu.

Ehe! Angalieni. Angalieni hapa. Nembo hiyo.

Subirini makofi, haijafika. Chalinze... imepita. Kibaha, vidoti vinazunguka. Madam, njoo uweke nywila, mimi nageuka pembeni. Sasa pigeni makofi.

Kwa hiyo ramu ilikuwa nzima. Mgonjwa ni nafasi yake ya kwanza. Nikimulika mle ndani kuna ukijani kwenye pini mbili tatu, ile kutu ya shaba. Ingekuwa imefika kwa mtu mwenye haraka, madam angeuziwa ramu mpya, ingewekwa nafasi ileile, ingegoma, kisha angeambiwa madabodi.

Kibaha nitaipita upesi, kwa sababu Windows yenyewe inajitahidi kujitibu. Ikikwama kwenye vidoti, izime kwa kubana kitufe, iwashe, ikikwama izime tena. Baada ya mara mbili tatu mfululizo inajua kuna jambo, inaleta ukurasa wa matengenezo. Humo mna kuondoa sasisho la mwisho, mna kurudi siku za nyuma, na mna hali salama, ambapo inawaka na vitu vichache tu vya lazima. Ikiwaka kwenye hali salama, aliyeikwamisha ni kitu kilichoongezwa juu yake.

Mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024? Ndege ziliahirishwa, kazi za hospitali na benki kadhaa katika nchi nyingi zikakwama. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu, na kwa makadirio ya Microsoft mashine milioni 8.5 zikabaki na kioo cha buluu, zinawaka zinajizima. Hakuna hata moja iliyoungua. Mafundi walizunguka meza kwa meza wakiziwasha kwenye hali salama na kufuta faili moja. Fikirieni kama siku ile kila fundi angesema, hii imekufa, lete nipige mpya. Na zile zilizokuwa na BitLocker? Walioweka ufunguo waliendelea na kazi. Wengine walikuwa bado wanautafuta.

Swali, ndiyo, mwalimu wa jiografia. Chai imemwagika juu ya kibodi. Izime palepale kwa kubana kitufe, usihifadhi kazi, usiage. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, ifungue kama kitabu na uisimamishe kibodi ikitazama chini, mfano wa hema. Usiiwashe kuona kama bado nzima, kwa sababu kuwasha ndiko kunakoua, si chai. Iletwe. Na mchele pikeni pilau, haunyonyi sukari iliyogandia kwenye saketi.

Mwingine anauliza betri imevimba. Kama kifuniko cha chini kimeanza kutuna au kile kibao cha kipanya kimenyanyuka, acha kuichaji leo hii. Usiitoboe, usiibane irudi. Hiyo inaweza kuwaka moto, na huo ni uwakaji ambao hatuutaki.

Zile mbili zilizobaki nitaondoka nazo. Moja nimeishika kidogo pale nje, inawaka taa inazima baada ya sekunde mbili, hiyo sitawaahidi kitu mpaka nipime madabodi. Ya pili naomba mwenyewe anifuate anieleze imeishia wapi, sasa anajua kueleza.

Madam, hii yako. Ramu ibaki nafasi hii ya pili, usimruhusu mtu airudishe ya kwanza. Na leo kabla hujalala, zile alama zinakiliwe mahali pawili.

Ufutio huu ni wa nani? Umechakaa upande mmoja, samahani. Njoo uchukue, mwanangu.